Mkimbiaji Mgeni na Hesabu ya 180

Miongoni mwa mambo ambayo simu za mkononi zimeyafikisha Kilosa na Mikumi upesi kuliko lami, ipo nasaha moja juu ya mbio za miguu ambayo imekwisha kushika nguvu za sheria, nayo ni kwamba mtu akimbiaye, awe mrefu au mfupi, awe mzoefu wa miaka au ameanza juzi, hana budi kukanyaga ardhi mara 180 katika kila dakika, na asiyefikisha idadi hiyo ahesabiwe kuwa hajui kukimbia. Vijana huondoka alfajiri na saa ihesabuyo hatua mkononi, au na simu mfukoni inayowagongea mapigo sikioni, wakajitahidi kwa azma njema kuifuata. Na baada ya majuma machache aghalabu utawakuta wamekaa barazani, huyu akilalamikia goti, yule akikanda muundi wa mguu, na wa tatu akiwa amekata shauri kwamba mbio waliumbiwa watu wa kabila jingine. Rai yangu ni kwamba nasaha hiyo ina kweli ndani yake, tena kweli yenye manufaa makubwa kwa mgeni wa mbio, lakini imefungwa katika kipimo cha watu wengine, na kipimo hicho ndicho kinachowakalisha vijana wetu barazani.

Nianze na kweli yenyewe. Kasi ya mkimbiaji hupatikana kwa mambo mawili yakizidishwa, yaani idadi ya hatua azipigazo kwa dakika na urefu wa kila hatua, wala hakuna la tatu. Mgeni wa mbio, atakapo kwenda haraka, karibu daima huliendea hilo la pili na kulisahau la kwanza: hurusha mguu mbele kadiri uwezavyo kufika, goti likiwa limenyooka, kisigino kikatua mbali mbele ya kiwiliwili, hata mguu ule ule uliokusudiwa kumpeleka ukawa ndio umzuiao. Kila hatua humfunga breki kidogo, na kila baada ya breki hulazimika kutafuta upya mwendo alioupoteza. Na mshindo wa kisigino, usipopata goti lililokunjika la kuupokea, hupanda katika muundi na goti na nyonga kwa maelfu ya mara katika safari moja ya asubuhi.

Atakaye kuliona jambo hili bila mtaalamu wala mashine, na angoje asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, udongo wa kando ya njia ya Mikumi na Kilosa ungali na unyevu, akazitazame nyayo za watu waliopita wakikimbia. Mwenye hatua ndefu kupita kiasi huacha shimo la kisigino lililochimbwa barabara, na mbele ya shimo tope lililosukumwa likajikunja, dalili ya mguu uliofika ukisukuma kwenda mbele badala ya kurudisha ardhi nyuma. Mwenye hatua fupi huacha wayo mzima uliolala, na kina chake huzidi chini ya vidole, pale alipojisukumia. Nyayo zake zimekaribiana, naye, ajabu, mara nyingi ndiye aliyefika mbele.

Wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2011 Bryan Heiderscheit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wakimbiaji walioongezewa idadi ya hatua kwa asilimia 5, kisha kwa asilimia 10, ilhali kasi yao imeachwa vile vile. Wakaona kwamba hata nyongeza ile ndogo yatosha kulipunguzia goti mzigo wake, na ile kubwa huipunguzia nyonga pia. Msomaji na atue kidogo hapa, aulize: asilimia 5 ya nini? Haikuwa ya 180. Ilikuwa ya kawaida ya kila mkimbiaji, kama alivyokuja nayo mwenyewe kutoka kwake.

Basi hiyo 180 ilitoka wapi hata ikafika Kilosa? Ilitoka Los Angeles, katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1984, ambako mwalimu mashuhuri wa mbio wa Marekani, Jack Daniels, alikaa akihesabu hatua za washindani. Na kati ya wakimbiaji 46 aliowahesabu alimkuta mmoja tu aliyepiga chini ya 180 kwa dakika. Alichokiona alikiona sawasawa, wala sina ugomvi naye. Lakini aliowatazama walikuwa mabingwa wa dunia nzima, waliokuwa wakishindana, siku ile ambayo kila mmoja wao alikuwa ameitayarishia mwili kwa miaka. Na idadi ile ilipoanza kusafiri, ikiruka kutoka kitabu hadi kitabu na hatimaye kutoka simu hadi simu, ilisafiri peke yake, ikayaacha nyuma mashindano yale na mabingwa wale.

Tuipime kwa mtu wetu wenyewe. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mwana wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya ubingwa wa riadha wa dunia, alipomaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule ulioandikwa kwa Mjerumani Amanal Petros, hata ikabidi picha ya mwisho wa mbio iamue nani alitangulia. Kilomita 42 na mita 195 kwa muda huo ni takriban mita 325 kwa kila dakika. Mtu wa kasi hiyo, tukikadiria kwamba apiga hatua 180, kila hatua yake yawa na mita 1 na sentimita 80, yaani zaidi ya kimo cha watu wengi wasomao gazeti hili. Sasa mchukue kijana wa Kilosa aliyeanza mbio mwezi huu, aendaye kilomita 8 kwa saa, mwendo wa heshima kabisa kwa mgeni, ukamwamrishe apige hizo hizo 180: hatua yake itakuwa na sentimita 74, fupi kuliko hatua ya mtu mrefu aendaye sokoni kwa miguu akiwa na haraka. Huyo hakimbii tena, adonadona. Na kwa kuwa mwili hauvumilii kudonadona, atafanya moja ya mawili: ama ataongeza kasi asiyo na pumzi yake ili hatua zirefuke, na pumzi imwishie kabla ya kilomita ya kwanza, ama atajilazimisha kurukia vidole, na mashavu ya miguu pamoja na kano ya kisigino yalipe deni ambalo goti limesamehewa.

Wala hata mabingwa wenyewe hawakubaliani na sheria hii tunayoisimamia kwa niaba yao. Katika mashindano ya dunia ya kilomita 100 yaliyofanyika Los Alcázares, Hispania, mwaka 2016, mtafiti Geoffrey Burns, ambaye naye ni mkimbiaji wa masafa hayo, alikusanya hesabu za hatua za waliotangulia, wanaume kwa wanawake. Wastani wao ulikuwa 182, jambo litakalowafurahisha watu wa 180. Lakini ndani ya wastani huo alikuwamo aliyepiga 155, alikuwamo na aliyepiga 203, nao wote ni katika watu hodari kuliko wengine duniani kwa mbio hizo.

Jambo hili hunijia akilini nionapo watu wakifuata kwa miguu reli ya zamani itokayo Kilosa kwenda Mikumi hadi Kidatu, wakikanyaga taruma baada ya taruma. Mataruma yalipangwa na mhandisi kwa hesabu ya uzito wa garimoshi, wala mguu wa mtu yeyote haukushauriwa; mwenye miguu mifupi hurukaruka, mrefu hubana hatua zake au huvuka mawili mawili, na baada ya nusu saa wote wawili huteremka kwenye njia ya vumbi iliyo pembeni, ambako kila mmoja huurudia mwendo wake. Idadi ya 180, kwa mgeni wa mbio, ni mataruma ya namna hiyo.

Yuko atakayesema: basi tuuache mwili uchague wenyewe. Hoja hiyo ina mashiko, maana Peter Cavanagh na Keith Williams walionyesha mwaka 1982, huko Marekani, kwamba wakimbiaji wazoefu wakiachiwa hiari yao huchagua urefu wa hatua ulio karibu sana na ule utumiao hewa kidogo kuliko wote. Lakini neno zito hapo ni wazoefu. Mwili wao umekwisha kufundishwa na maelfu ya kilomita. Wa mgeni haujafundishwa na lolote ila na kutembea, na ukiambiwa kimbia hufanya lile ulijualo, yaani hutembea kwa hatua kubwa zaidi. Yuko pia atakayesema tuvue raba tukimbie peku kama babu zetu, kwa kuwa mguu mtupu hutua kwa vidole na hatua hufupika zenyewe. Na kweli Daniel Lieberman wa Harvard, mwaka 2010, aliwakuta wakimbiaji wa Kikalenjin waliokulia peku wakitua hivyo mara nyingi. Walakini miaka mitatu baadaye wachunguzi wengine, wakiongozwa na Kevin Hatala, walikwenda kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wa peku toka utotoni, wakakuta kwamba kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa wengi wao hutua kwa kisigino. Mwenye kutaka kuvua raba na avue kwa mapenzi yake, asiseme tu kwamba Afrika nzima imemwamuru.

Wala hatukuwa na haja ya kungoja Los Angeles wala Wisconsin, kwa maana sisi tulikuwa na madrasa yetu ya hatua fupi, tena ya bure, nayo ni mchakamchaka. Kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii aukumbuka: kiwanja kingali na umande, watoto wamejipanga safu kwa safu, mmoja mwenye sauti kali huanzisha wimbo na wengine huitikia, na miguu hugonga ardhi pamoja na kiitikio. Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoasisiwa mwaka 1963, limewakimbiza vijana wengi kwa namna hiyo hiyo. Na vikundi vya mbio vya mijini, vyenye fulana za rangi moja na firimbi, ni watoto wa mila hiyo hata kama wenyewe wamejipa jina la kigeni.

Tazama sasa hikima iliyomo. Mwenye kuimba na kuitikia hawezi kukimbia kupita pumzi yake, kwa sababu pumzi ikikatika na wimbo hukatika, na mwalimu husikia. Safu zimesongamana, basi mwenye kurusha mguu mbele humkanyaga kisigino aliye mbele yake, akageukiwa kwa kiwiko au kwa matusi. Mara mbili tatu, naye amekwisha jifunza kukiweka kisigino chini ya nyonga, bila mtu yeyote kumtajia asilimia. Na kwa kuwa mtoto wa darasa la tatu na wa darasa la saba wamo katika msafara mmoja, mwendo hauna budi kuwa mdogo kiasi cha kumchukua aliye mdogo. Hatua fupi, pumzi ya kuimbia na mwendo wa aliye dhaifu: mimi sijui mgeni wa mbio ahitaji nini zaidi katika miezi yake mitatu ya mwanzo.

Upungufu wake nao niutaje, nisije nikadhaniwa naililia zamani. Mchakamchaka huwapa wote wizani mmoja, na humo mna kosa lile lile la 180, ingawa ni dogo kwa kuwa wimbo hubadilika na mwimbishaji aweza kuupoza. Juma Ikangaa, mtoto mwingine wa jeshi na mtu mfupi wa kimo, alikimbia Boston akashika nafasi ya pili mwaka 1988, 1989 na 1990, na katikati ya miaka hiyo, 1989, akaishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, aghalabu akiwa mbele ya watu waliomzidi kimo. Asingefika popote kwa kuazima hatua zao, kama wao wasingefika kwa kuazima zake.

Basi mgeni na afanye hivi. Kwanza akimbie siku kadhaa kama ajuavyo, bila saa na bila mlio wa sikioni, kisha siku moja, mwili ukiwa umekwisha pata moto na njia ikiwa tambarare, ahesabu ni mara ngapi mguu wake wa kulia wagusa ardhi katika nusu dakika, azidishe kwa nne. Tuseme amehesabu 39. Hatua zake ni 156 kwa dakika. Asilimia 5 juu ya hapo ni 164, yaani mguu wa kulia mara 41 katika nusu dakika. Tofauti yote inayotafutwa, hiyo iliyofanyiwa uchunguzi na kuuziwa saa za bei kubwa, ni nyayo mbili za mguu wa kulia kwa nusu dakika. Na kwa mtu aendaye kilomita 8 kwa saa, hatua itapungua kutoka sentimita 85 hadi 81, upana wa vidole viwili vya mkono. Asikimbie hivyo safari nzima. Ashike mwendo huo kwa dakika moja, auache kwa dakika nne, aurudie. Na kasi isipande, maana hapo ndipo wengi huponyokwa, wakiongeza hatua na kasi kwa pamoja, kisha wakailaumu nasaha. Majuma sita ya namna hiyo si mengi. Akiona mashavu ya miguu yamekaza kupita maumivu ya kawaida ya mazoezi, apumzike siku mbili na apunguze dakika. Na kama magoti hayamuumi, pumzi yamtosha na nyayo zake matopeni hazina shimo la kisigino, basi 156 yake ni halali yake, wala asibadilishe kitu.

Ardhi yenyewe ya Kilosa ni mwalimu mzuri ikitumiwa kwa akili. Mji umekaa chini ya milima, na mwenye kupanda kilima hana njia ya kurefusha hatua, hivyo mlima mfupi upandwao taratibu mara nne au tano humfunza mtu katika asubuhi moja lile ambalo maneno yangefunza kwa mwezi. Kuteremka ni kinyume chake: mteremko huuita mguu mbele, hatua hurefuka zenyewe, na mshindo huzidi, mgeni ashuke akitembea, hapana aibu. Njia ya kwenda Mikumi hupita Ulaya, ambayo tofauti na ile nyingine haihitaji viza, na mwenye azma aweza kuifanya kuwa shabaha yake ya mwaka ujao, si ya mwezi huu.

Kwa watu wa Mikumi nina hadhari nyingine. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupitia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa masafa yapatayo kilomita 50. Humo ndani mtu haruhusiwi kushuka garini ovyo, sembuse kukimbia, na ndovu hawaijui alama ya mpaka. Upande wa mji, malori ya mizigo hayampi nafasi mkimbiaji, naye husukumwa ukingoni mwa lami, mahali palipoinama, ambako mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenziwe kila hatua. Na mwenye kufuata ukingo ule ule kila siku atapata maumivu ya upande mmoja ambayo hakuna hesabu ya hatua itakayoyaponya. Viwanja vya shule na njia za kwenda mashambani, jua likiwa limekwisha toka lakini halijawa kali, vyafaa kuliko lami.

Limebaki ombi kwa viongozi wa vikundi vya mbio na walimu wa michezo wa wilaya hii, ambao ndio watu wenye firimbi. Mgeni akija kwenu, msimweke nyuma ya msafara ambako atarefusha hatua ili asiachwe. Mwekeni mbele, na wimbo ufuate miguu yake. Na kabla hamjamwambia neno lolote juu ya namna ya kukimbia, mmoja wenu akimbie pembeni yake kwa nusu dakika amhesabie mguu wa kulia.